Karani Asiyelala: Kuunda na Kusimika Programu ya Kuelekeza Jumbe Katika Seva

Mnamo mwaka 1879 waya wa telegrafu ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, na kutoka hapo ukaendelezwa hadi Msumbiji na Durban. Tangu wakati huo Unguja ikawa kituo cha kupokezana habari. Ujumbe ulioletwa na waya wa kusini ulipokewa na karani, ukaandikwa, ukatazamwa unakokwenda, kisha ukatumwa tena kwa waya wa kaskazini. Karani huyo hakulazimika kuijua biashara iliyokuwa ikizungumzwa ndani ya ujumbe. Alitakiwa mambo mawili tu: afahamu ujumbe unakwenda wapi, na asiupoteze. Jambo hilo la pili ndilo lililokuwa gumu zaidi, kwa sababu ujumbe uliopotea haupigi kelele. Aliyeutuma hudhani kwamba umefika, na anayeusubiri hudhani kwamba haujatumwa.

Kazi ya karani huyo haijakoma. Imehamia katika kompyuta, na kwa kweli imeongezeka mara nyingi. Maabara ya hospitali hutoa jibu la kipimo ambalo lazima lifike katika jalada la mgonjwa. Benki hutoa taarifa ya malipo ambayo lazima ifike kwa mtoza ushuru. Shule hutuma orodha za watahiniwa ambazo lazima zifike panapostahili. Kati ya mfumo mmoja na mwingine hukaa programu ambayo kazi yake yote ni kupokea, kutazama, kuchagua njia na kupeleka. Makala haya yanaeleza jinsi programu ndogo ya namna hiyo inavyoundwa, inavyosimikwa katika seva, na yale yanayoweza kuiharibu pasipo mtu kutambua.

Kwanza yafaa kuuliza kwa nini mifumo isizungumze yenyewe kwa yenyewe. Jibu linapatikana katika hesabu inayofahamika kwa kila mwanafunzi wa sekondari. Ikiwa kuna mifumo n, na kila mmoja umeungwa moja kwa moja na kila mwingine, idadi ya viungo ni n(n − 1) ikigawanywa kwa 2. Mifumo 4 huhitaji viungo 6. Mifumo 10 huhitaji viungo 45, na mifumo 30 huhitaji viungo 435. Kila kiungo ni programu ambayo mtu ameiandika na ambayo mtu lazima aitunze. Mfumo mmoja ukibadilisha namna ya kuandika tarehe, viungo vyake vyote 29 huharibika siku moja. Lakini mifumo hiyo 30 ikiungwa na karani mmoja aliyekaa katikati, viungo vinakuwa 30 tu. Ni kwa sababu hiyo mashirika makubwa na serikali nyingi zimejenga makarani wa namna hii. Nchini Tanzania, kwa mfano, Mamlaka ya Serikali Mtandao imejenga mfumo uitwao GovESB kwa ajili ya kubadilishana taarifa baina ya taasisi za umma. Ifahamike pia kwamba faida hii ina bei yake. Kiungo kimoja kati ya 435 kikikatika, wawili hawasikilizani. Karani wa katikati akilala, wote 30 hunyamaza.

Mnamo mwaka 2003 Gregor Hohpe na Bobby Woolf walichapisha kitabu ambacho kilikusanya mbinu 65 za kuunganisha mifumo kwa njia ya jumbe, na kuipa kila mbinu jina. Wengi wa wahandisi walikuwa wamekwisha kuzitumia mbinu hizo bila kuwa na majina ya kuzitajia. Mwaka 2007 kikundi cha waandishi wa programu katika taasisi ya Apache kilitoa maktaba ya programu iliyozigeuza mbinu hizo kuwa maneno ambayo kompyuta huyaelewa. Waliiita Camel, yaani ngamia, jina ambalo kwa msomaji wa Garissa au Marsabit halihitaji kufafanuliwa. Maktaba hiyo hutolewa bure pamoja na msimbo wake wote, na ndani yake umo mradi mdogo wa mfano ambao wanafunzi wengi wa fani hii duniani huanza nao. Mradi huo ndio utakaofuatwa hapa.

Mradi wa mfano

Ili kuuendesha, kompyuta huhitaji vitu viwili. Cha kwanza ni Java, na kwa matoleo ya 4 ya Camel, yaliyoanza mwaka 2023, ni lazima iwe Java 17 au ya baadaye. Cha pili ni Maven, programu inayosimamia ujenzi wa programu nyingine: hupakua maktaba zinazohitajika, hutafsiri msimbo, hufanya majaribio na kufunga matokeo. Maven ikipewa amri ya kutumia kiolezo kiitwacho camel-archetype-java, huunda folda iliyo na mradi kamili. Maktaba zilizopakuliwa mara moja hubaki katika diski, kwa hiyo shule ambayo ina mtandao siku moja tu kwa juma inaweza kufanya matayarisho siku hiyo na kuendelea na kazi siku nyingine bila mtandao.

Ndani ya mradi mna folda iitwayo src/data, na humo mna nyaraka mbili fupi, message1.xml na message2.xml. Kila waraka unamtaja mtu mmoja: jina la kwanza, jina la ukoo na mji. Wa kwanza ana mji wa London, wa pili ana mji wa Tampa, huko Marekani. Kazi ya programu ni kusoma kila waraka, kutazama mji, na kuuweka waraka wa London katika folda ya Uingereza na mwingine wowote katika folda ya wengine.

Njia nzima imeandikwa kwa maneno machache ya Kiingereza. Neno "from" hutaja jumbe zinatoka wapi, yaani folda ya src/data. Neno "choice" hutangaza kwamba hapa ni njia panda. Neno "when" hutoa sharti, na "otherwise" hutaja la kufanya ikiwa sharti halikutimia. Neno "to" hutaja mwisho wa safari: target/messages/uk kwa upande mmoja, na target/messages/others kwa upande wa pili. Sharti lenyewe limeandikwa kwa lugha ya XPath, ambayo ni lugha ya kuelekeza kidole ndani ya waraka wa XML. Husema: nenda kwenye mtu, kisha kwenye mji, na utazame kama maandishi yaliyopo ni London.

Hapa karani wa sasa anatofautiana na yule wa Unguja. Yule wa zamani alisoma anwani iliyo juu ya ujumbe. Huyu anafungua bahasha na kusoma yaliyomo. Hohpe na Woolf wanaitenga mbinu hii kwa jina lake, kwa kuwa anayefungua bahasha lazima aijue lugha ya barua. Mtumaji akibadili muundo wa barua, karani huyu hupotea, hata kama anwani haikuguswa.

Msimbo ukitafsiriwa na programu ikiendeshwa kwa amri ya mvn camel:run, skrini huonyesha kwamba njia moja imeanza, na baada ya kitambo kidogo hutokea mistari miwili, mmoja ukitangaza ujumbe wa Uingereza na mwingine ujumbe wa kwingineko. Programu haiishi hapo. Huendelea kuichungulia folda kila baada ya milisekunde 500, ikingojea waraka mpya. Mwalimu akibadili neno London kuwa Tabora katika sharti, na wanafunzi wakaandika nyaraka zao wenyewe zenye miji yao, darasa zima linaweza kuona ujumbe ukitumbukia katika folda na kutokea upande wa pili. Ni onyesho linalopendeza, na hapo ndipo wengi huishia. Matatizo yenye manufaa kwa mwanafunzi huanza baada ya hapo.

Kutoka mezani hadi katika seva

Kompyuta ya mezani huwashwa asubuhi na kuzimwa jioni, na kila hitilafu huonekana na aliyeketi mbele yake. Seva hukaa chumbani peke yake. Programu inayosimikwa humo lazima ijiwashe yenyewe umeme unaporudi, iandike mambo yake katika daftari, na ifanye kazi chini ya mtumiaji mwenye mamlaka madogo, ili kosa lake lisiweze kuharibu mashine nzima.

Ujenzi hufanywa kwa kuufunga mradi pamoja na maktaba zake zote katika faili moja la jar. Maktaba ya Spring Boot hutumika sana kwa kazi hii. Faili hilo hunakiliwa katika seva, mara nyingi chini ya folda ya /opt, na huundwa mtumiaji maalumu asiye na kazi nyingine. Kisha msimamizi wa huduma, ambaye katika matoleo mengi ya Linux huitwa systemd, hupewa maelezo mafupi: amri ya kuanzisha programu ni ipi, iendeshwe na nani, na ikianguka iinuliwe tena. Mambo haya hayachukui hata saa moja.

Baada ya hapo hutokea jambo ambalo limewasumbua wengi. Programu inaanza, daftari linasema kwamba njia iko tayari, hakuna kosa lolote, na hakuna ujumbe unaopita. Nyaraka zimewekwa mahali pake na zinakaa tu. Sababu yake ni kwamba anwani src/data haianzi na mkwaju, kwa hiyo haitaji mahali kamili. Husomwa kuanzia folda ambamo programu imeanzishwa. Mezani folda hiyo ilikuwa ya mradi. Katika seva, systemd isipoambiwa vinginevyo, huanzisha huduma katika mzizi wa diski. Camel haikuta folda ya src/data hapo, na kwa desturi yake, ikiwa ina ruhusa, huiunda, kisha huketi mlangoni pa folda tupu ikisubiri nyaraka ambazo haziji. Haikuvunja amri yoyote. Ilitii kwa uaminifu mkubwa mno.

Tiba ni kutaja anwani kamili, pamoja na kuiamuru programu isikubali kuanza iwapo folda haipo. Camel ina machaguo ya kufanya hivyo, likiwamo liitwalo startingDirectoryMustExist. Mwanafunzi huweza kuona ajabu kwamba programu inayokataa kuanza ni bora kuliko ile inayoanza. Lakini kukataa huonekana mara moja na mtu huja kutazama, hali kusubiri bure kunaweza kuendelea kwa mwezi mzima.

Mlango wa "wengineo"

Neno "otherwise" linastahili kutazamwa kwa shaka. Katika mradi wa mfano, waraka wowote usiotaja London huenda katika folda ya wengine. Tampa huenda huko, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini "london" kwa herufi ndogo nayo huenda huko, kwa sababu sharti hulinganisha herufi kwa herufi. Vivyo hivyo "London" iliyofuatwa na nafasi moja ambayo jicho haliioni. Na waraka ambao juu yake umeongezwa tamko la nafasi-majina ya XML, jambo ambalo mifumo mingi mikubwa hufanya bila kumwarifu mtu, hautatimiza sharti hata kama mji ni London kamili, kwa kuwa machoni pa XPath kipengele hicho sasa kina jina jingine. Nyaraka hizi zote hupita mlango mmoja na zile halali, na hakuna kosa linaloandikwa.

Katika mradi wa mfano hilo si hoja. Katika kazi ya kweli, mwandishi mwangalifu huweka milango mitatu: ya wale wanaofahamika upande huu, ya wale wanaofahamika upande ule, na ya wasiofahamika kabisa, ambao hutengwa mpaka binadamu awatazame. Posta za nchi nyingi zimekuwa na ofisi ya namna hiyo kwa muda mrefu, mahali pa barua ambazo hazifikiki wala hazirudishiki. Waandishi wa programu wamelichukua wazo hilo pamoja na jina lake, na Camel inayo njia ya "barua zilizokufa" iliyo tayari kutumika.

Njia hiyo inahitajika pia kwa sababu nyingine. Waraka ukiwa umeharibika hata usisomeke kama XML, hatua ya kulinganisha mji hushindwa, na kwa kawaida Camel huuacha waraka mahali pake ili ujaribiwe tena. Nusu sekunde baadaye hujaribiwa, na kushindwa. Siku moja ina sekunde 86,400, kwa hiyo waraka mmoja mbovu huweza kujaribiwa karibu mara 172,800 kwa siku, na kila mara daftari huandikwa ukurasa mzima wa malalamiko. Seva kadhaa zimejaa diski kwa namna hii. Utaratibu ulio bora ni kujaribu mara chache huku muda wa kungoja ukiongezeka maradufu, tuseme sekunde 1, 2, 4, 8 na 16, jumla sekunde 31, kisha waraka huhamishiwa kwa barua zilizokufa na msimamizi kuarifiwa. Muda huongezeka hivyo kwa sababu kosa likiwa ni la mtandao uliokatika, kuugongagonga kila mara hakuufufui.

Kuna waraka mbovu wa aina nyingine ambao ni hatari zaidi, nao ni ule ulio nusu. Mtumaji anaandika faili kubwa, na katikati ya kuandika, Camel inachungulia na kulichukua. Likiwa ni XML, ubovu hutambulika, kwa sababu alama za kufungia hazijafika. Lakini orodha ya kawaida ya majina na alama, mstari kwa mstari, haina mwisho unaotambulika. Orodha ya wanafunzi 40 iliyokatwa baada ya jina la 23 ni orodha halali kabisa ya wanafunzi 23. Itapita, itapokewa, na wale 17 hawatatajwa popote. Kinga yake ni ya zamani na ni rahisi: mtumaji aandike faili kwa jina la muda linaloanza na nukta, ambalo Camel hulipuuza, na akimaliza alibadilishe kuwa jina lake la kweli. Kubadilisha jina ndani ya diski moja hufanyika kwa mkupuo, hakuna nusu yake. Iwapo mtumaji hawezi kuagizwa hivyo, Camel inaweza kuambiwa ipime ukubwa wa faili mara mbili na kulichukua tu ikiwa halibadiliki, ingawa njia hii ni ya kukisia na hudanganywa na mtandao wa polepole.

Kumbukumbu ya karani

Katika mradi wa mfano, nyaraka zikishasomwa huachwa palepale. Ili isizisome tena na tena, Camel hukumbuka anwani ya kila faili ililokwisha kulisoma. Kumbukumbu hiyo imo katika RAM, na kwa kawaida hubeba majina 1,000. Mwalimu wa kompyuta atayaona matokeo kabla ya kuambiwa. Seva ikizimika na kuwashwa, kumbukumbu imefutika na nyaraka zote husomwa upya. Nyaraka zikizidi 1,000, majina ya zamani husukumwa nje na nyaraka zake huonekana kama mpya. Na kinyume chake, mtumaji akileta waraka mpya kabisa lakini akaupa jina lile lile la message1.xml, karani humwambia kimoyomoyo kwamba huyu amekwisha kumwona, na waraka hausomwi kamwe.

Basi mfano huo huo mdogo unaweza kurudia ujumbe na pia unaweza kuupoteza. Wala haionekani darasani, kwa sababu upande wa pili faili linaloandikwa hufunika lile lenye jina hilo hilo lililokuwapo. Waraka ukipita mara 5, mwishoni kuna faili moja. Marudio yamejificha. Lakini mahali pa folda pakikaa benki, na waraka ukiwa ni agizo la kulipa shilingi 50,000, kupita mara 5 ni shilingi 250,000.

Dawa ya kwanza ni kuihamishia kumbukumbu katika diski au katika hifadhidata, na kuutambua ujumbe kwa namba yake ya pekee aliyoupa mtumaji, si kwa jina la faili. Hata hivyo bado kuna upenyo mdogo usiozibika. Karani hufanya mambo mawili: kuupeleka ujumbe na kuandika kwamba umepelekwa. Hayafanyiki katika nukta moja ya wakati. Umeme ukikatika baada ya kupeleka na kabla ya kuandika, ujumbe utarudiwa. Akigeuza utaratibu, akaandika kwanza na kupeleka baadaye, umeme ukikatika katikati ujumbe utapotea huku daftari likisema umefika. Hakuna mpangilio wa tatu kwa karani aliye peke yake. Ndiyo maana mifumo mingi huchagua kurudia kuliko kupoteza, na kumtwisha mpokeaji wajibu wa kuitambua namba aliyokwisha kuipokea na kuinyamazia.

Kisa cha Rwanda

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Rwanda ilianza kuunganisha mifumo yake ya afya ya uzazi, kwanza katika wilaya ya Rwamagana. Vituo vya afya vilitunza majalada ya wagonjwa kwa programu ya OpenMRS. Vijijini, wahudumu wa afya wa jamii, ambao Wanyarwanda huwaita abajyanama b'ubuzima, walituma habari za wajawazito kwa simu za mkononi kupitia mfumo uitwao RapidSMS. Mama mmoja alikuwa na habari zake mahali pawili ambapo hapakujuana. Mhudumu wa kijijini aliweza kuwa ameona dalili ya hatari ambayo muuguzi wa kituoni hakuwa nayo katika jalada lake.

Kati ya mifumo hiyo ukawekwa mpatanishi, programu iliyopewa jina OpenHIM, na toleo lake la kwanza lilijengwa juu ya Mule, ambayo ni ndugu wa Camel katika ukoo huu wa programu. Kazi yake ilikuwa nzito kuliko kutofautisha London na Tampa, ingawa ni ya jinsi ile ile. Ujumbe ulipoingia, mpatanishi aliuliza daftari la wateja kama mama huyo anafahamika, daftari la watoa huduma kama mhudumu ni wa kweli, na daftari la vituo kama kituo kipo. Alipopata majibu ndipo alipoupeleka ujumbe katika jalada la pamoja ambalo kituo chochote kinachohusika kingeweza kulisoma. Daftari moja lisipojibu, ujumbe haukuwa na haki ya kutoweka. Kwa hiyo mpatanishi huhifadhi kila muamala pamoja na matokeo yake, na msimamizi anaweza kuuona ulioshindwa na kuuendesha upya. Matoleo ya baadaye ya OpenHIM yameandikwa upya kwa lugha nyingine, lakini uwezo huo wa kuendesha upya umebaki, na kila anayeutumia lazima kwanza awe na hakika kwamba mfumo wa upande wa pili hautamwandika mama mmoja kuwa amejifungua mara mbili.

Jaribio la darasani

Shule yenye kompyuta moja inaweza kuyathibitisha haya kwa mikono. Wanafunzi watengeneze kwa programu fupi nyaraka 800 za mfano ule, kila moja na jina lake, nusu zikiwa za London. Katika "from" iongezwe maxMessagesPerPoll=5, ili Camel ichukue nyaraka 5 tu kila inapochungulia; kwa kuwa huchungulia mara 2 kwa sekunde, zitapita nyaraka karibu 10 kwa sekunde, na kazi yote itachukua sekunde 80 hivi. Baada ya sekunde 30 programu iuawe ghafla kwa amri ya kill -9, ambayo haiipi nafasi ya kuaga. Kisha iwashwe tena na iachwe imalize.

Mafaili katika folda mbili za mwisho yakihesabiwa yatakuwa 800. Mistari ya daftari ya vipindi vyote viwili ikihesabiwa itakuwa karibu 1,100, kwa sababu zile 300 za mwanzo zimepita mara mbili. Sasa folda zisafishwe, kumbukumbu ihamishiwe katika faili la diski, na jaribio lirudiwe kwa muda ule ule. Safari hii mistari itakuwa 800. Darasa likirudia mara nyingi, ipo siku itahesabiwa 801.